Mimi wa Upande wa Pili



Kijana mmoja, mwenye akili na maneno mengi, alinijia jioni moja na simu yake mkononi. Alikuwa ametoka kutazama mchezo wa televisheni wa Wamarekani, ambamo mtu mmoja aonekana katika dunia nyingi mbalimbali: huku ameoa, kule ni mjane, kwingine amekwisha kufa. Akaniuliza hivi: “Kama ni kweli kwamba kila jambo linaloweza kutokea hutokea katika dunia fulani, basi kuna dunia ambamo mimi niliiba ile fedha, na kuna dunia ambamo sikuiba. Nikikataa huku, kule imekwisha kuibwa. Kukataa kwangu kwafaa nini?”

Ile fedha ilikuwa fedha gani, sikumwuliza. Wala sikumjibu upesi, maana swali lake si la kitoto. Nilitazama michezo ya namna hiyo, mingine kwa mara ya pili, nikaona kwamba waandishi wake wenyewe wamelijibu swali lile, wengine vizuri, wengine vibaya sana, na mara nyingi bila kujua kwamba wamelijibu. Ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza leo.

Tuanze na mchezo ambao wengine wengi wameuiga. Ni wa mfululizo uitwao Star Trek. Ulionyeshwa Marekani tarehe 6 Oktoba 1967, nao waitwa “Mirror, Mirror”, maana yake “Kioo, Kioo”. Mwandishi wake ni Jerome Bixby. Kapteni Kirk na wenzake watatu, yaani mganga McCoy, fundi Scott, na Bibi Uhura mwenye kazi ya mawasiliano, wako katika nchi ya Wahalkani. Wanaomba ruhusa ya kuchimba mawe ya dilithiamu, ambayo ndiyo nguvu ya chombo chao cha angani. Wahalkani wakataa. Wasema kwamba mawe yao yaweza kutumiwa kuua, nao hawataki kushiriki katika mauti hata ya mtu mmoja. Kirk anayo silaha ya kuwalazimisha, lakini hawalazimishi. Aaga kwa heshima.

Wakati ule ule tufani ya angani yapiga. Ile mashini inayowavusha watu toka nchi kavu hata chomboni yakosea njia, nao wajikuta katika chombo kingine. Jina lake ni lile lile, Enterprise. Watu wake ni wale wale. Lakini wasalimiana kwa kupiga kifua ngumi na kunyosha mkono, na afisa apandishwa cheo kwa kumwua yule aliye juu yake. Chekov, ambaye huku ni kijana mchangamfu asiye na hila, kule amvizia kapteni wake njiani ili amwue. Sulu ana kovu usoni na roho mbaya machoni. Kimetengenezwa kijumba cha vioo cha kuwatia watu maumivu wanapokosa kazini. Na Spock, yule mwenye masikio marefu asiyecheka wala kulia, ana ndevu. Hizo ndevu zimekuwa na sifa kubwa kuliko mchezo wenyewe! Hata leo Wamarekani wakitaka kumwonyesha mtu mwovu anayefanana na mtu mwema, humtia ndevu, na kila mtazamaji huelewa.

Katika dunia ile hakuna Shirikisho la mataifa. Kuna Dola, na amri ya Dola ni kwamba Wahalkani wakikataa kutoa mawe, waangamizwe wote.

Sasa hapa ndipo mantiki yaanza kutia taabu. Tufikiri pole pole. Dunia ile yasemekana imekwenda njia nyingine kabisa: vita vingine, watawala wengine, ndoa nyingine, safari nyingine, vifo vingine. Yawezekanaje basi kwamba wamezaliwa watu wale wale? Fikiri juu ya babu yako, msomaji. Alipanda treni siku fulani kwenda kutafuta kazi Likasi, akafikia kwa jamaa fulani, akamwona msichana aliyekuja kuteka maji. Kama treni ingechelewa siku moja, labda angemwona mwingine. Tena si babu peke yake. Kila mtoto atungwa mimba kwa mbegu moja ya baba katika mamilioni mengi; saa ikibadilika, mbegu ni nyingine, na mtoto ni mwingine, kama ndugu zako walivyo wengine ingawa baba na mama ni wale wale. Jambo dogo lingetosha kukufuta wewe. Dunia yenye miaka mia ya vita badala ya miaka mia ya amani ingewafuta wote, na Kirk, na Sulu, na Chekov. Wangekuwako watu, ndiyo, lakini watu wengine. Wala wasingekutana wote ndani ya chombo kimoja, kila mmoja katika kiti kile kile, wakizunguka nchi ile ile, katika tufani ile ile, na kuvuka kwa dakika ile ile.

Waandishi waliokuja nyuma walizidi kuliharibu jambo hili badala ya kulitengeneza. Mwaka 2005, mfululizo wa jina moja, Enterprise, ulirudi nyuma kueleza mwanzo wa ile Dola, katika mchezo wa sehemu mbili uitwao “In a Mirror, Darkly”. Waanza vizuri sana. Wageni wa kwanza kutoka nyota nyingine washuka duniani, mmoja anyosha mkono wa amani, na yule Mmarekani Zefram Cochrane, badala ya kumpokea, ampiga risasi. Nilipoliona hilo nilisema: kumbe, hapa ndipo njia ilipogawanyika! Tendo moja la mkono mmoja. Lakini mara yafuata picha za mwanzo, na katika picha zile twaona vita juu ya vita, tangu zamani za merikebu za matanga, nazo zaonyesha kwamba dunia ile ilikuwa ya ukatili kabla Cochrane hajazaliwa. Basi ile risasi haikugawanya kitu. Ni tunda, si mzizi. Wakati huo huo mganga wa chombo asoma vitabu vya dunia ya pili na kuvilinganisha na vya kwao: hadithi zafanana kwa mifupa, asema, lakini watu waliomo ni dhaifu na wenye huruma. Ila Shakespeare tu. Huyo ni wa giza sawasawa pande zote mbili. Nilicheka, nakiri. Lakini kwa kicheko hicho mwandishi ametuambia kwamba miaka mia kadhaa kabla ya risasi dunia zilikuwa tayari mbili, na hata hivyo Shakespeare alizaliwa kote kote akaandika michezo ile ile. Kadiri njia zinavyogawanyika zamani zaidi, ndivyo isivyowezekana kabisa wale watu kufanana. Hapo mantiki imekufa, na hakuna aliyeizika.

Je, nitasema basi mchezo wa Bixby ni mbaya? Hata kidogo. Bixby hakusema popote dunia ile ilianza lini wala kwa sababu gani, na kwa kunyamaza alifanya vema. Anayesimulia mfano hana lazima ya kueleza kila kitu. Mtu akitoa mfano wa baba aliyekuwa na wana wawili, hakuna msikilizaji anayeuliza shamba lilikuwa na ukubwa gani. Amwachia msimulizi jambo moja lisilowezekana, ili apate kuona jambo jingine kwa uwazi. Lakini aliyeachiwa jambo moja asijitwalie kumi. Na lile moja alilojichukulia lazima limfae.

Kwa Bixby lilifaa, na mwenye kulifanya lifae ni Spock. Wengine wote wa upande wa pili ni watu waliogeuzwa kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Spock hakugeuzwa. Yu mwaminifu kwa akili, kule kama huku. Yu mtumishi wa Dola mbaya kwa sababu Dola ndiyo iliyopo, naye hapendi kumwaga damu pasipo faida. McCoy amponya alipojeruhiwa, akikaa nyuma kwa ajili hiyo ingawa wakati wa kutoroka wawaishia. Na mwishoni, dakika chache tu zikiwa zimesalia, Kirk asimama mbele yake na kumwuliza: Dola yenu itadumu muda gani kabla haijapinduliwa? Spock apiga hesabu: kama miaka 240. Basi, asema Kirk, ni mantiki gani kutumikia kitu unachojua kwamba kitaanguka, na huku chaua watu bure? Spock ajibu kwamba mtu mmoja hawezi kugeuza mambo yatakayokuja. Kirk amwambia kwamba mtu mmoja aweza kugeuza mambo ya sasa. Na Spock asema tu kwamba atalifikiri jambo hilo.

Hasemi ndiyo. Hasemi siyo. Mashini yalia, wageni watoweka, na sisi twabaki bila kujua. Naona huo ndio mwisho bora wa mchezo wowote wa namna hii. Kirk hakumwambia Spock: “Uwe kama Spock wetu.” Alimwambia: “Uifuate akili yako mwenyewe mpaka mwisho.” Hapo ndipo twaona kwa nini mwandishi alihitaji mtu yule yule pande zote mbili. Kama Spock wa pili angekuwa mtu mwingine mwenye sura ya Spock, maneno yale yangekuwa mahubiri kwa mgeni. Kwa kuwa ni yule yule, ni ukumbusho. Na kitu kingine kidogo: huku kwetu, wale wabaya wanne waliovushwa mahali pa wema walijulikana mara moja wakafungwa. Wema waliweza kujifanya wabaya kwa saa chache. Wabaya hawakuweza kujifanya wema hata kwa dakika moja. Mwandishi alitia jambo hilo kama mzaha wa mwisho, nami sina hakika kama ni kweli katika maisha. Nimewaona wabaya wengi waliojua sana kujifanya wema.

Miaka 27 ilipita. Mwaka 1994 mfululizo mwingine wa ukoo ule ule, Deep Space Nine, ulirudi katika dunia ya pili kwa mchezo uitwao “Crossover”, nao ulifanya jambo la ushujaa. Ulijibu. Spock alifikiri kweli. Akapanda mpaka kuwa mkuu wa Dola, akaihubiri amani, akaitengeneza Dola upya, akapunguza silaha. Na maadui wa Dola, Waklingoni na Wakardasia, walipoiona imekuwa dhaifu, waliungana wakaipiga wakaishinda. Wanadamu, waliokuwa mabwana wenye ukatili, sasa ni watumwa wanaochimba mawe chini ya kiboko. Kira Nerys wa huku, mwanamke aliyepigania uhuru wa taifa lake, akutana na mwenzi wake wa kule, ambaye ndiye msimamizi wa watumwa, mwenye kupenda anasa na kutesa.

Watazamaji wengine walikasirika. Walisema mchezo huu wamwaibisha Kirk, kana kwamba shauri jema limelaaniwa. Sikubaliani nao. Kwa mara ya kwanza katika michezo hii, neno lililosemwa katika dunia nyingine lilikuwa na uzito: lilizaa kitu, na kitu hicho kiliishi hata wasemaji walipokwisha kwenda zao. Kama Spock angefaulu kwa urahisi, tungejua kwamba dunia ile ni karatasi tu. Kosa, kama lipo, si la shauri. Kirk alipanda mbegu akaondoka dakika ile ile. Hakungoja mvua wala magugu. Aliyebaki shambani ni Spock peke yake, katikati ya watu ambao hakuna aliyewafundisha neno hata moja la amani. Tena nasema waandishi wa 1994 walikuwa waangalifu zaidi kuliko wengine wote wa ukoo huu kwa habari ya mantiki. Mwaka uliofuata walimleta Jennifer, mke wa Kamanda Sisko, ambaye huku alikufa na kule yu hai, na baadaye mtoto wao Jake aliyefiwa na mama amwona uso kwa uso. Lakini Jake wa upande wa pili hayupo. Kule hakuzaliwa kamwe. Mama yule amtazama kijana mwenye sura yake, ambaye yeye hakumzaa. Hapo mantiki ilitiiwa, na tazama: ilipotiiwa ndipo mchezo ulipotuumiza moyo. (Michezo yao ya mwisho ya dunia ile, hasa wa mwaka 1999, ni vichekesho tu. Iacheni.)

Sasa turudi kwa kijana wangu, maana mchezo aliokuwa ameutazama ni mwingine. Ni “Parallels”, wa mwaka 1993, katika mfululizo The Next Generation. Humo Worf, afisa wa Kiklingoni, ateleza toka dunia moja hata nyingine, na kila mara mambo yamebadilika kidogo: keki ya sikukuu yake ilikuwa ya chokoleti, sasa ni ya rangi ya manjano, picha ukutani imehama, mara asikia kwamba ameoa. Hayo yamefanywa kwa ustadi sana, nami nasifu. Kisha Data, yule mtu wa chuma, aeleza sababu: kila jambo linaloweza kutokea hutokea, katika dunia yake. Mwishoni mpaka wa dunia wapasuka, na vyombo vyajaa angani, Enterprise juu ya Enterprise, hata 285,000.

Katika vile vyote kuna kimoja kilichonikaa moyoni. Kapteni wake ni Riker, mwenye ndevu zisizonyolewa na macho ya mtu asiyelala. Katika dunia yake maadui waitwao Waborg wameshinda kila mahali. Aomba kwa kilio asirudishwe kule. Akitaka kuzuia kazi ya kuwarudisha watu makwao, apiga risasi. Wapiga nao, na chombo chake chateketea na watu wote waliomo. Na baada ya hapo? Hakuna. Worf arudi nyumbani, na kumwalika Bibi Troi wale chakula pamoja. Hakuna hata mmoja anayemtaja tena yule Riker. Mbona wamtaje? Wanao Riker wengine zaidi ya laki mbili.

Hapo ndipo nilipoona swali la kijana lilizaliwa wapi. Dunia zikiwa mbili, kila mtu aliyemo ni mtu. Zikiwa 285,000, mtu huwa kama punje katika gunia, na mwandishi mwenyewe, bila kukusudia, aanza kuwamwaga. Si kosa la moyo wake. Ndivyo hesabu yenyewe inavyomwongoza.

Wengine watasema: lakini wataalamu wa fizikia ndio waliofundisha hivyo. Tuweke jambo sawa. Mwaka 1957 Mmarekani Hugh Everett, kijana wa chuo kikuu cha Princeton, alitoa hoja yake juu ya vitu vidogo kabisa, vidogo kuliko atomu. Hesabu ya vitu hivyo yaonyesha hali nyingi kwa pamoja, na mtu apimapo huona moja tu. Everett alisema: zile nyingine hazikufutika, zote zaendelea, na mpimaji naye amegawanyika pamoja nazo. Wataalamu wengine wakubali hoja hii, wengine waikataa, na ubishi haujaisha. Lakini hata anayeikubali hakubali mashini ya Kirk. Matawi yakiisha kugawanyika hayakutani tena kwa namna ambayo mtu angeweza kupita. Hakuna tufani wala mlango. Tena matawi yale hayachaguliwi na tamaa za watu. Hoja ya Everett haisemi kwamba kila unachoweza kukiwaza kipo mahali fulani. Yale ya Data ni ya mwandishi wa mchezo, si ya Everett.

Nikamjibu kijana hivi. “Tuseme dunia ile ipo. Yule aliyeiba, ni wewe au si wewe?” Akasema ni yeye. “Basi yafanana nawe katika kila jambo?” Ndiyo, katika kila jambo. “Nawe hukuiba?” Sikuiba. “Basi yeye naye hakuiba, maana angekuwa ameachana nawe.” Akakuna kichwa. Kisha akasema: haya, tuseme tulikuwa mmoja mpaka saa ile, kisha tukaachana, yeye akaiba, mimi nikaacha. “Vema. Toka saa ile ni watu wawili. Kama ndugu yako aliiba jana, je, wewe umekuwa mwizi? Na kama hukuiba, je, uaminifu wako umekuwa bure kwa kuwa ndugu yako aliiba? Mwenye fedha wa huku anayo fedha yake. Mwulize yeye kama kukataa kwako kulimfaa.”

Hakuridhika sana. Aliona nimemfunga kwa maneno. Kwa hiyo nikamwelekeza kwenye michezo miwili inayosema jambo lile lile kwa matendo.

Mmoja ni Counterpart, wa mwaka 2017 hata 2019, sehemu ishirini. Mji ni Berlin. Mwaka 1987, katika utafiti uliofanywa upande wa mashariki wa mji, dunia yagawanyika mara mbili, na njia moja tu ya chini ya ardhi yaziunganisha. Mara mbili tu, wala si mara laki! Tena mwaka watajwa. Kila aliyezaliwa kabla ya mwaka ule anaye mwenzi wake halali, kwa sababu walikuwa mtu mmoja kweli mpaka siku ile. Aliyezaliwa baadaye hana haki ya kufanana na yeyote. Hivyo ndivyo hesabu inavyolipwa. Howard Silk wa huku ni karani mpole asiyejua hata kazi yake ni ya nini, naye ampelekea maua mkewe aliyelala hospitalini bila fahamu. Howard Silk wa kule ni jasusi mgumu, mwenye kuua. Mchezaji ni mmoja, J. K. Simmons, wala hakuwekewa ndevu wala kovu, na hata hivyo wajua mara moja, kwa mabega tu, yupi ni yupi. Nao kila mmoja amtazama mwenzake kwa haya, kama mtu aliyekuta barua yake ya zamani. Kila mmoja ataka kujua: ni siku gani niliyoacha kuwa wewe? Onyo: mchezo huu una mambo ya watu wazima, haufai kutazamwa na watoto, tena habari zake za upelelezi zachosha mahali pengi.

Wa pili ni wa Uingereza, nao ni wa zamani: “Inferno”, sehemu saba za mfululizo Doctor Who, zilizoonyeshwa mwaka 1970. Mwandishi ni Don Houghton. Watu wachimba shimo hata chini ya gamba la ardhi wakitafuta nguvu mpya. Daktari, shujaa wa mfululizo, ajikuta katika Uingereza nyingine, ambamo wafalme wameuawa na utawala ni wa mabavu. Rafiki yake Brigedia kule ni mkuu mkatili mwenye jicho moja lililofunikwa. Elizabeth Shaw, ambaye huku ni mtaalamu wa sayansi, kule ni askari wa usalama. Kule uchimbaji umetangulia kwa saa kadhaa, basi Daktari aona kwa macho yake litakalotokea huku: ardhi yapasuka, na nchi nzima yateketea. Hawezi kuiokoa. Aliyoyajua yafaa kwa dunia moja tu, ile ambayo bado ina nafasi.

Arudi, na huku alala kama mgonjwa. Ahofu kwamba yale yale lazima yatokee, kama maandishi yaliyokwisha kuandikwa. Kisha amwona mzee mmoja, Sir Keith. Kule mzee yule alikufa katika ajali ya motokari. Huku ajali ilitokea vilevile, lakini mzee aingia mlangoni yu hai, mkono umefungwa kitambaa. Kwa mkono ule uliofungwa Daktari ajua kwamba mambo yaweza kugeuka, na kwamba hiari ya mtu si ndoto. Sijaona katika televisheni uthibitisho mdogo kuliko huo wala wa kutosha zaidi.

Lakini kabla ya hapo, kule, kuna jambo ambalo halina faida yoyote kwa mtu aliyelitenda. Yule mkuu wa jicho moja amelenga bastola: Daktari awachukue wote, au asiende. Daktari hawezi kuwachukua. Shaw, askari wa utawala mbaya, aliyefundishwa kutii tu, ampiga risasi mkuu wake mwenyewe, ili mgeni apate kwenda kuokoa watu ambao yeye Shaw hatawaona kamwe.

Kijana aliutazama mchezo wote kwa siku mbili. Aliwacheka sana wale watu waliogeuka wanyama, wenye manyoya ya bandia yanayoonekana wazi kuwa ya bandia, na alisema sehemu ya tatu ni ndefu mno. Ni kweli. Kisha akaniuliza juu ya yule Shaw. Huku kuna Shaw mwingine, asema, ambaye hatakufa. Je, yule wa kule alipopiga risasi alijifariji kwa hilo?

Nikamwambia arudi kuitazama tena sehemu ya sita mwishoni, wakati moto wa ardhi unapokuja mlangoni, na amwangalie uso.